Za kukata, za kukamua, Heidesand au Kipferl: uoke zipi Desemba hii?

Simu iliingia Jumapili usiku, mwishoni mwa Novemba. "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba huku nikijua kuna jambo, maana huyu mdogo wangu huwa anaandika tu, hapigi. Si wa tumbo moja; ni wa Tanga kama mimi, yuko Göttingen, Ujerumani, mwaka wa pili sasa, nami niko Hannover mwaka wa kumi na sita. Chekechea ya mwanawe imewaomba wazazi walete biskuti walizooka wenyewe kwa ajili ya meza ya Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi. Ameingia mtandaoni kutafuta, picha zimemmiminikia mpaka kichwa kimemzunguka. "Dada, nioke zipi?"

Nikamjibu kwa maswali. Una mizani? Friji yako ina nafasi? Watakaokula ni watoto au walimu? Akaguna. Alitegemea nimtajie jina moja akalale. Jina moja ninalo na nitalitaja, ila biskuti za siagi za Kijerumani zinafanana sana zikiwa kwenye sahani, lakini mikononi kila moja ina tabia yake. Ukichagua kwa picha utajuta saa nne usiku, unga umekupanda mpaka kwenye nyusi.

Zote ni za ukoo mmoja

Biskuti ndogo za Desemba Wajerumani huziita Plätzchen. Ukienda Bavaria utasikia Platzerl, na kwa Waswabia, watu wa kusini-magharibi, ni Gutsle. Ziko za viungo, kama Lebkuchen na Spekulatius, ambazo karafuu na mdalasini wake vitakukumbusha nyumbani. Hizo tuziache kwa leo. Ninazolinganisha ni nne zinazotegemea siagi: za kukata kwa vikatio (Butterplätzchen), za kukamua (Spritzgebäck), Heidesand (za siagi iliyochomwa), na Vanillekipferl (miezi midogo yenye lozi). Hii ya mwisho asili yake ni Vienna, lakini Ujerumani hutapata sahani ya Krismasi isiyo nayo, kwa hiyo nimeihesabu kuwa ya nyumbani.

Donge lao linaitwa Mürbeteig, na kanuni yake bibi yeyote wa Kijerumani ataitamka bila kufikiri: moja, mbili, tatu. Sukari sehemu moja, siagi mbili, unga tatu. Kila aina inaivutavuta kidogo kanuni hiyo, lakini ukiisahau karatasi ya vipimo utarudi kwenye hiyo. Ndiyo maana swali langu la kwanza lilikuwa mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa ni vitu viwili, na donge lenye siagi nyingi kiasi hiki halisamehe.

Kazi ya siagi ni kuzifunika chembe za unga zisipate maji zikashikana na kuvutika. Kwenye chapati tunautafuta ule mvutano, hapa tunaukimbia. Kwa hiyo donge hili halikandwi, linakusanywa tu mpaka lishikane, basi, linakwenda friji. Mwaka wangu wa kwanza nililikanda kwa moyo wote, kama mama alivyonifundisha maandazi, nikatoa biskuti za kugongea misumari. Wageni walizichovya kwenye kahawa kwa adabu, hakuna aliyeongeza ya pili.

Na siagi iwe siagi. Wengi huniuliza kama majarini inafaa, na siwalaumu. Vuli ya 2024 pakiti ya gramu 250, ile ya bei ya chini kabisa, ilifika euro 2.39. Lakini biskuti hizi hazina kitu kingine cha kujifichia. Siagi ya Kijerumani isiyo na chumvi ina mafuta angalau asilimia 82, na utamu wote umo humo. Ukitaka kubana, punguza idadi ya biskuti. Ajabu ni kwamba zamani siagi ilikuwa mwiko wakati huu huu wa mwaka. Majilio yalikuwa siku za kufunga, na waokaji walilazimika kutumia mafuta ya mimea, mpaka mwaka 1491 Papa Inosenti wa Nane alipoiruhusu Saksonia, eneo la mji wa Dresden, kutumia siagi. Ruhusa hiyo inaitwa Butterbrief, yaani barua ya siagi, na watu wa Dresden bado wanaisimulia wanapoukata mkate wao wa Stollen.

Kuhusu unga, ukiwa Ujerumani chukua ulioandikwa Type 405. Namba hiyo ni miligramu za majivu yanayobaki gramu 100 za unga zikichomwa. Ikiwa ndogo, unga ni mweupe zaidi. Ukiwa nyumbani, unga mweupe wa keki unatosha.

Hivi ndivyo vipimo ninavyotumia mimi. Nyuzi ni za oveni ya moto wa juu na chini. Ukiwasha feni, punguza nyuzi 20.

| | Za kukata | Za kukamua | Heidesand | Vanillekipferl |
|---|---|---|---|---|
| Unga | g 300 | g 500 | g 375 | g 250 |
| Siagi | g 200 | g 250 | g 250 | g 200 |
| Sukari | g 100 | g 200 | g 200 | g 80 |
| Kingine | yai 1 | mayai 2 | maziwa vijiko 2 vya chakula, beking pauda kijiko 1 cha chai | lozi za kusaga g 100 |
| Moto | nyuzi 180 | nyuzi 180 | nyuzi 175 | nyuzi 175 |
| Dakika | 8–10 | 10–12 | 12–15 | 10–12 |
| Kifaa cha lazima | vikatio | mashine ya nyama au bomba la biskuti | sufuria na kisu | vidole vya baridi |
| Ugumu | kazi nyingi, si ngumu | rahisi ukiwa na kifaa | rahisi | inakatisha tamaa mwanzoni |

Zote zinataka chumvi kidogo sana na pakiti moja ya sukari ya vanila, ile ya gramu 8.

Za kukata: kazi ya mchana mzima

Hizi ndizo zilizo kwenye picha zote: nyota, mwezi, mti, malaika, na siku hizi mpaka dinosari. Unalisukuma donge mpaka liwe na unene wa milimita tatu au nne, unakata, unaoka, zikipoa unazipaka sukari laini iliyokorogwa na maji ya limau, halafu watoto wanamwaga nakshi za rangi mpaka chini ya kabati.

Uzuri wake ni huo, watoto. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukandamiza kikatio, na hata akikosea biskuti inalika. Uzuri wa pili ni yai. Linaifunga biskuti ishike umbo, kingo zitoke kali, na ukiibeba kwenye mfuko haifiki ikiwa vumbi. Ukitaka kuzituma kwa posta, chagua hizi bila kujiuliza mara mbili.

Ubaya wake ni muda. Donge likipata joto linaanza kunata kwenye ubao, unaongeza unga, ukiongeza unga biskuti inakuwa ngumu. Mabaki ya pembeni unayakusanya na kuyasukuma upya, na kila raundi inakuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Mimi huligawa donge mara nne, moja mezani, tatu zinangoja kwenye friji, na raundi ya mwisho ya mabaki namwachia mwanangu aviringishe nyoka anaotaka.

Kuna balaa moja ambalo Wajerumani wamelipa jina, donge kuwa brandig. Siagi imepata joto, imeachana na unga, donge linang'aa kwa mafuta na kumomonyoka ukiligusa. Asiyejua huongeza unga na kulimaliza kabisa. Dawa yake ni kijiko cha maji ya barafu au ute wa yai, unachanganya haraka haraka, unalirudisha friji. Haliwi kama la mwanzo, lakini linaokoka.

Ladha yake, niseme ukweli, ni ya wastani. Tamu, ya siagi, ya kawaida. Mvuto wake uko kwenye umbo na rangi.

Za kukamua: kama una mashine

Nitapita haraka hapa. Spritzgebäck hutoka kwenye mashine ya kusagia nyama, ile ya chuma inayofungwa ukingoni mwa meza, mbele yake pamewekwa bati lenye matundu ya maumbo. Donge linatoka kama ukanda wenye mifereji, unalikata urefu wa kidole, unalipinda liwe duara au herufi S, na likishaokwa unalichovya ncha kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Kama hamna mashine kuna bomba la kusukuma kwa mkono. Mfuko wa kupambia keki usijaribu na donge la vipimo vyangu, maana ni zito, utaupasua. Mimi niliupasua.

Ni biskuti ya watu wawili. Jirani yangu wa juu, bibi wa miaka themanini na ushei, huzungusha mpini na mimi napokea upande wa pili, na kwa saa moja tunajaza makopo matatu. Kwa wingi hakuna inayoishinda. Lakini kununua kifaa kwa ajili ya siku moja ya Desemba sikushauri. Azima, au alikwa.

Heidesand: jina nililosema nitalitaja

Kaskazini ya Hannover, ukiupita mji wa Celle, linaanza eneo la Lüneburger Heide. Ardhi yake ni ya kichanga, maskini, yenye vichaka vifupi vinavyochanua zambarau mwezi wa Agosti na kondoo wa manyoya ya kijivu wanaochunga humo. Heidesand maana yake ni mchanga wa huko. Ukiiuma biskuti utaelewa: haivunjiki kwa mlio, inamomonyoka ulimini chembe kwa chembe.

Siri yake iko kwenye siagi, ambayo huchomwa kwanza. Chukua sufuria yenye tumbo jeupe ili uone rangi, weka gramu 250 zote, moto wa wastani. Itayeyuka, itatoa povu, itaanza kulia chwiii. Mlio huo ni maji yanayotoka. Usiondoke. Baada ya dakika chache mlio unafifia, povu linapanda mara ya pili, laini zaidi, na ukilisogeza kwa kijiko unaona chini chembe ndogo zikigeuka rangi ya dhahabu, kisha rangi ya njugu. Harufu inabadilika ghafla. Jikoni pananuka kama mtu anakaanga korosho. Hapo hapo epua na uimimine kwenye bakuli la baridi, pamoja na zile chembe. Ukiiacha sufuriani ujibu ujumbe wa simu, chembe zitakuwa nyeusi na siagi yote itakuwa chungu. Nusu dakika tu inatosha kuiharibu.

Mara ya kwanza niliponusa harufu hiyo nilikuwa kwa mama mmoja wa Celle, nikamwambia hii naijua, hii ni samli. Akanitazama. Nikamweleza kwamba kwetu siagi hupikwa vivyo hivyo, ila sisi tunaichuja zile chembe ibaki safi, wao wanaziacha kwa makusudi. Na biskuti yenyewe nilipoiuma nikakumbuka nankhatai za Tanga, zile za samli na iliki zinazouzwa zimefungwa kwenye karatasi, ukifika nyumbani karatasi imeshalowa mafuta. Ni ndugu kabisa. Aliyekua akila nankhatai au vileja hatahitaji kufundishwa kuipenda Heidesand. Mwaka uliofuata nilimpelekea za kwangu zenye iliki nusu kijiko. Alikula nne, akasema si Heidesand tena lakini nilete zaidi.

Siagi ikishachomwa huiachi iwe maji. Inakwenda friji mpaka igande iwe laini kama ya kupaka mkate, saa moja hivi, ndipo unaipiga na sukari mpaka iwe nyeupe. Sasa utaelewa kwa nini mapishi yanataka vijiko viwili vya maziwa, ni kurudisha sehemu ya maji uliyoyachemsha yakaondoka. Bila maziwa hayo unga haushikani, na wengi wanaolalamika kwamba donge lao limekuwa mchanga kabla ya kufika oveni wamesahau hapo. Unaongeza unga na beking pauda, unaviringisha vipande vinene kama mhogo mwembamba, kipenyo cha sentimita tatu hivi. Mimi naiita mihogo hasa. Unaigaragaza kwenye sukari ya chenga, unaifunga, inalala friji saa moja au usiku kucha.

Kisha ni kisu tu. Vipande vya nusu sentimita, kwenye trei, oveni. Hakuna kusukuma, hakuna vikatio, hakuna mabaki ya pembeni. Zikitoka zitaonekana mbichi, nyeupe, laini mno, usizirudishe. Ziache kwenye trei dakika kumi bila kuzigusa, zitakaza zenyewe.

Kwa mtu anayefanya kazi, kuna jambo linaloipa Heidesand ushindi juu ya nyingine tatu. Mihogo inakaa kwenye freza miezi miwili mitatu. Unaweza kutengeneza Jumapili moja, ukaoka vipande kumi na viwili Jumanne wageni wakipiga kengele, na vingine wiki ijayo. Za kukata hazikupi uhuru huo.

Kasoro? Sura. Ni duara la kahawia hafifu, basi. Mtoto atapita mbele ya sahani ya Heidesand akimbilie dinosari mwenye sukari ya kijani.

Vanillekipferl: za kwanza kwisha kwenye kopo, za kwanza kuvunjika

Sahani ikiwekwa mezani, ya kwanza kwisha ni hii. Ni mwezi mwandamo mdogo, mweupe kwa sukari, wenye lozi ndani, na hauna yai. Watu husimulia kwamba umbo lake lilitokana na mwezi wa bendera za Waturuki walioizingira Vienna mwaka 1683. Ni hadithi tamu, ila ichukulie kama hadithi.

Kukosa yai ndiko kunakoifanya iyeyuke mdomoni, na ndiko kunakoifanya ikutoe machozi. Donge ni siagi na lozi zinazoshikana kwa imani. Unakata kipande cha ukubwa wa kokwa la jozi, unakiviringisha, unachonga ncha mbili, unakipinda. Mwenye viganja vya moto, na mimi ni mmojawapo, akifika cha kumi siagi imeshaanza kuyeyuka kati ya vidole. Bibi wa juu hushika pakiti ya njegere zilizogandishwa kabla ya kuanza. Nilimcheka, sasa nafanya hivyo hivyo.

Halafu inakuja ile dakika ya sukari. Mwaka mmoja nilizitoa oveni nikazigaragaza kwenye sukari hapo hapo, zikavunjika zote, trei mbili. Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja nikasubiri zipoe kabisa, sukari ikakataa kushika, ikateleza kama vumbi kwenye kioo. Muda wake ni mfupi: dakika tatu mpaka tano baada ya kutoka, zikiwa bado kwenye trei, unachekecha sukari laini iliyochanganywa na ya vanila juu yake, unazigeuza kwa uma polepole, unachekecha tena.

Kwenye biskuti hii vanila ndiyo mwenye nyumba, kwa hiyo soma pakiti. Iliyoandikwa Vanillinzucker ina vanilini ya kiwandani. Mwaka 1874 Wilhelm Haarmann na Ferdinand Tiemann walifaulu kuitengeneza vanilini kutokana na utomvu wa misonobari, na kiwanda chake kilianza Holzminden, mji mdogo wa jimbo hili hili la Niedersachsen. Kwa za kukata inatosha kabisa. Kwa Kipferl nunua vanila ya kweli. Nyingi inatoka Madagaska, lakini Uganda na Kagera pia wanalima, na nikipata mtu wa kuniletea maganda ya vanila ya Bukoba nayatumbukiza kwenye kopo la sukari mwezi mzima kabla ya Desemba.

Jambo jingine, na hili halina mjadala: lozi. Chekechea nyingi hazitaki biskuti zenye lozi, karanga wala korosho, kwa sababu ya watoto wanaodhurika nazo. Uliza kabla. Kwa mdogo wangu hilo peke yake liliiondoa Kipferl kwenye orodha.

Kwa tusiokula nguruwe wala pombe

Aina hizi nne ni salama ukizipika mwenyewe, na hiyo ni sababu yangu moja ya kuzipenda. Lakini ukialikwa, uliza. Kuna mapishi ya zamani yanayotumia Schmalz, ambayo mara nyingi ni mafuta ya nguruwe, mahali pa siagi, na wengi hutia rumu kwenye sukari ya kupaka juu au kwenye chokoleti. Nakshi nyingine za dukani zina jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Mwenyeji wa Kijerumani hakasiriki ukimwuliza. Atakuletea pakiti usome mwenyewe.

Ukiokea Tanga, Mombasa au Muscat

Shangazi yangu alijaribu za kukata Desemba, jikoni nyuzi 31. Siagi huanza kulegea mapema zaidi ya hapo na kufika kati ya nyuzi 32 na 35 imeshakuwa maji, kwa hiyo donge lake lilibaki kwenye ubao, fimbo ya chapati na mikono, kila mahali isipokuwa kwenye trei. Desemba ya Ujerumani ukifungua dirisha jiko zima linakuwa friji. Mapishi haya yamezaliwa kwenye baridi hiyo na hayataji hilo.

Kwa joto letu Heidesand inaongoza tena, maana mihogo inatoka freza inakatwa ikiwa jiwe, inaingia oveni. Kama ni lazima ukate nyota kwa ajili ya watoto, lisukume donge kati ya karatasi mbili za plastiki mara tu ulipolichanganya, ulilaze freza likiwa bapa hivyo hivyo, ulitoe dakika ya mwisho ukate upesi, alfajiri ikiwezekana. Kipferl ningeiacha mpaka nipate jiko lenye kiyoyozi.

Na kama oveni yako haina kipimo cha moto, oka kwanza biskuti mbili tu. Za unene sawa, kama vipande vya Heidesand, zitakupa jibu moja. Za kukata zenye mikono ya malaika na kichwa cha malaika zitaungua mkono kabla tumbo halijaiva.

Basi uoke zipi?

Una watoto na mchana mzima wa kupoteza, kata. Unatuma kwa posta, kata. Una mashine ya nyama na jirani wa kuzungusha mpini, kamua, ugawie mtaa. Unataka wifi yako wa Kijerumani anyamaze mezani, jifunze Kipferl, lakini anza mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao. Una kazi, una jiko dogo, hujawahi kuoka kitu chochote cha Kijerumani, au umekulia pwani na ulimi wako unaijua samli: Heidesand.

Za kukata, za kukamua na Heidesand zinakaa wiki tatu mpaka nne kwenye kopo la bati, mahali pa baridi. Kipferl huzidi kunoga baada ya siku tatu nne. Kila aina na kopo lake, tafadhali, kwa sababu zenye jamu au chokoleti huzilegeza kavu, na harufu zinaazimana.

Mdogo wangu alichagua Heidesand, akabishana nami kuhusu watoto, tukakubaliana azichovye nusu kwenye chokoleti nyeupe na kunyunyiza nakshi. Alhamisi akapiga tena. "Dada, siagi imeanza kulia, nifanye nini?" Nikamwambia asinikate, aiweke simu kwenye spika. Tukasikiliza wote wawili, yeye Göttingen mimi Hannover, mpaka mlio ukafifia. Kimya. Kisha akasema, "Ee! Inanuka korosho." Nikapiga kelele aepue.

Zile za chekechea ziliisha. Bado ana muhogo mmoja kwenye freza, nimemkataza kuugusa mpaka tarehe 26, siku nitakayoshuka stesheni kwake na kopo langu tupu.